Kabini Mpya ya Mama Consolate

Ziwa halikuichukua nyumba ya Théophile Asukulu kwa ghafla, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Lingekuja kwa kishindo na mawimbi, angelilaani na watu wangemwelewa. Lakini lilikuja kwa adabu, kama mgeni anayesogeza kiti kidogo kidogo mpaka anajikuta mezani. Kwanza liliingia chooni, kisha jikoni, kisha likatandaza maji sebuleni, na mvua zilipokwisha halikukumbuka kuondoka. Mtaa wote wa chini ukahama. Wenye ndugu walikwenda kwa ndugu, wasio na ndugu walipanda kwenye turubai huko juu. Théophile, fundi wa mbao na sakafu, mtu wa Fizi aliyefika Kalemie akiwa kijana na kuota mvi hapa hapa, yeye alihamia kwenye boti.

Boti haikuwa yake. Ilikuwa ya Papa Ilunga, mfanyabiashara aliyetoka Nyunzu na kulijua ziwa ukubwani, mtu mwenye mdomo mkali na moyo usio mbaya kama mdomo. Injini ilikuwa imekufa, na boti ikafungwa pale mto Lukuga unapotoka ziwani, inanyeshewa na kupigwa jua bila kazi. Ilunga alihitaji mtu wa kulala ndani ili wezi wasimalizie kilichobaki.

"Kaa mule na bibi yako," alimwambia, "mpaka mota ipatikane."

Injini iliahidiwa kutoka Kigoma. Kila mtu pale ufukoni alijua maana ya injini iliyoahidiwa kutoka Kigoma, kwa hiyo Théophile na mkewe Consolate waliingia kama watu wanaohamia kwao, na masufuria, na cherehani iliyoliwa na kutu siku za mafuriko, na kitanda kilichokatwa miguu ili kipite mlangoni.

Kabini ilikuwa nyuma ya boti, juu ya chumba cha injini. Zamani alilala nahodha humo pamoja na abiria wachache wenye uwezo wa kulipia kitanda. Ilikuwa na madirisha mawili madogo yanayotazama maji. Chini palikuwa na balatum, lile zulia la plastiki linalouzwa kwa mita sokoni, ambalo maua yake yalikuwa yamefutika kwa miguu ya watu hadi pakabaki rangi ya matope. Kutani kulikuwa na skai, ngozi ile ya bandia, imechanika hapa na pale na sponji imechungulia. Consolate alicheka siku ya kwanza. Alikuwa mshonaji, nusu ya watoto wa mtaa wao wa zamani walikwenda shule na sare zake, na kitu kilichochanika hakikumtisha. Alisema hajawahi kuwa na nyumba inayofungwa kwa kamba. Kisha akasugua kila kona kwa sabuni, akatandika kitambaa juu ya sanduku la vyombo, na kuanzia hapo aliiita kabini "kwangu". Waimbaji wenzake wa kwaya walipokuja kumtembelea, waligonga ubavu wa boti na kupiga hodi.

Ndipo akaanza kukohoa.

Mwanzoni kilikuwa kikohozi cha kawaida, cha mtu anayeishi juu ya maji. Kikakaa. Kikashuka kifuani, kikamkondesha, kikamtoa kwenye kwaya, mwishowe kikamlaza. Usingizini alipumua kwa kuvuta, na Théophile alikaa macho akimsaidia kuvuta kana kwamba pumzi zinaazimana. Walikwenda hospitali, wakarudi, wakaenda tena. Mara ya mwisho waliambiwa kwa upole kwamba dawa hizi aendelee nazo na sasa apelekwe nyumbani akapumzike. Hawakupewa siku ya kurudi. Sisi sote tunajua maana ya kupelekwa nyumbani bila siku ya kurudi, na Théophile hakuwa mjinga. Alimpandisha mkewe pikipiki, akakaa nyuma yake akimshika mbavu zilizobaki mifupa, na njia nzima alimwonyesha vitu vya kuchekesha barabarani. Alipomlaza kitandani alikwenda chumba cha injini iliyokufa, akakaa kwenye giza na harufu ya mafuta ya mazuti, akalia.

Na kama vile dunia ilikuwa inangoja hilo, injini ikafika.

Ilikuja kweli, kutoka Kigoma kweli, imefungwa kwa turubai, na mafundi wawili wanaojisikia sana. Ufuo mzima ulikuja kuiona. Ilunga alizunguka boti yake akiigusa huku na huku, akaingia kabini, akamsalimia mgonjwa kwa heshima, akatazama sakafu, akatazama kuta, akatoka bila kusema neno. Alimvuta Théophile hadi kwenye mchanga.

"Papa Théo, batu ya Moba leo banachagua boti. Banataka kulala fasi nzuri. Balatum ile, skai ile, yote itoke. Uweke mupya. Weye njo fundi, siwezi kuita mwingine juu ya kichwa chako."

"Aksanti, Papa."

Ilunga hakuondoka. Alichora mchanga kwa ncha ya kiatu, na mtu yule aliyezoea kugombana na bandari nzima akaonekana hajui mikono yake aiweke wapi.

"Iko mambo ingine. Usinichukie. Bakisikia maiti ilitoka mu kabini, hakuna muntu atalala mule tena. Hata ukiweka dhahabu chini. Boti itakufa mara ya pili." Alitazama maji. "Umutoe mbele ya siku ile, Papa Théo. Akiwa muzima."

"Nimeelewa."

"Ni bibi yako, na mimi namuheshimu."

"Nimeelewa, Papa."

Sasa Théophile alikuwa na jambo la kumwambia mkewe, na hakulisema. Tusimrukie haraka. Kwetu mgonjwa haambiwi habari mbaya. Mtu akiwa kitandani, hata akifiwa na ndugu yake wa tumbo moja, tutaingia chumbani na nguo za kawaida, tutamsimulia habari za mavuno, tutacheka, kisha tutakwenda kulilia nyuma ya nyumba. Hakuna aliyetufundisha, tumezaliwa tukikuta ndivyo. Na huyu wa Théophile alikuwa mgonjwa wa kupelekwa nyumbani. Ungemwambiaje kwamba hata hapo nyumbani siyo kwake?

Siku alipoingiza vifaa, Consolate aligeuza kichwa kwenye mto. Aliona balatum mpya imeviringishwa, mbao za tripleksi nyembamba na safi, makopo ya kole ya kugandishia, na mizigo miwili ya skai, mmoja mwekundu kama damu ya mzee, mmoja bluu.

"Papa Evodie," aliita, maana walikuwa na binti mmoja, Evodie, aliyeolewa Uvira. "Ile yote ya wapi?"

"Ya kabini."

"Kabini hii?"

"Ndiyo."

Alipitisha macho tena kwenye vifaa. Kisha uso wake, ambao kwa muda mrefu ulikuwa umefungwa, ukafunguka.

"Ilunga njo anatutengenezea nyumba," alisema.

Hapo ndipo palipokuwa na nafasi ya kusema, na Théophile aliiona ikipita mbele yake. Lakini ulikuwa umepita muda gani tangu amwone mkewe akifurahi? Na kulikuwa kumebaki muda gani? Alifanya hesabu hiyo haraka, na akajibu kulingana na hesabu.

"Ndiyo," alisema. "Anatutengenezea."

Akaanza kazi siku hiyo hiyo. Asubuhi alimbeba Consolate nje, akamlaza chini ya kivuli cha turubai aliyoifunga juu ya sitaha, jioni akamrudisha. Alichana skai ya zamani, akang'oa sponji iliyooza, akatoa misumari iliyogeuka unga. Alipobandua mbao za ukutani upande wa kichwa cha kitanda, alirudi nyuma akiziba pua. Ukuta mzima ulikuwa umeota ukungu mweusi, mnene kiasi cha kuonekana kama manyoya. Ulikuwa umepanda kutoka chini hadi dari, na harufu yake ilimwingia kooni akakohoa mpaka akatoa machozi. Alisugua kwa maji ya javeli ya kung'arishia nguo, akaacha milango na madirisha wazi, akasugua tena. Hakufikiria zaidi ya hapo. Boti yoyote ya mbao ina ukungu, na yeye alikuwa na mambo mengine kichwani.

Sakafu ilimshangaza. Chini ya balatum ya zamani palikuwa na nyingine ya zamani zaidi, na chini ya hiyo nyingine. Kila fundi aliyepita alikuwa amebandika yake juu ya uvivu wa mwenzake. Théophile angeweza kufanya vivyo hivyo, akapaka kole, akatandaza, akamaliza kabla chakula hakijaiva. Badala yake alichukua patasi akakaa chini, akakwangua tabaka moja baada ya jingine hadi mbao tupu. Ilikuwa kazi nzuri, na yeyote angemsifu. Lakini ukweli ni kwamba alikwangua kwa sababu kukwangua kunachelewesha.

"Papa Théo, kwani unachimba kisima?" Ilunga alipaza sauti kutoka ufukoni.

"Kole haishike fasi chafu, Papa."

"Mahindi yangu iko Moba inaota."

"Inakuja, Papa. Inakuja."

Consolate, chini ya turubai yake, alikuwa amepata kazi ya kuamrisha. Alitaka bluu upande wa kitanda, kwa sababu nyekundu ingewatia joto, na nyekundu iende upande wa mlango ili wageni waione wanapoingia. Théophile akafanya hivyo. Alitaka rafu ya masufuria. Théophile akasimama na penseli sikioni, akijua vizuri kwamba abiria wa Moba hawana haja na rafu ya masufuria, kisha akaipima na kuipigilia. Alitaka mapazia. Alitoa kitenge chake cha sikukuu, akakikata kwa mkasi, akashona kwa mkono, mshono kidogo na kupumzika, mshono kidogo na kupumzika, mpaka madirisha mawili yakapata nguo. Théophile aliyatundika mbele yake. Alisifiwa, na sifa zile zilimchoma. Alijichukia, na bado kila jioni alitamani kumwona akifurahi hivyo tena, na kila jioni uongo ulikua kidogo bila yeye kusema neno jipya.

Siku moja Ilunga alikuja kukagua. Aliona bluu, aliona nyekundu, akaona rafu, akafungua mdomo.

"Papa Ilunga," Consolate alisema kutoka kitandani, akijaribu kuinuka. "Mungu akubariki. Toka maji ichukue nyumba yetu, hakuna muntu alitufikiria. Mwenye ametufikiria ni weye."

Théophile alisimama na nyundo mkononi. Aliogopa kumtazama mwenye boti.

"Ni kidogo tu, Mama," Ilunga alisema. "Ni kidogo tu."

Akatoka. Théophile alimkuta ufukoni akifuta uso kwa leso, ingawa jua lilikuwa limeshazama nyuma ya mawingu. Hakuuliza habari za rafu. Alisema tu, bila ukali, kwamba boti itaondoka juma lijalo, na kwamba hawezi kungoja zaidi, na kwamba wote wawili wanajua.

Hivyo Théophile akatafuta uongo wa pili wa kuushika mkono wa kwanza, na haukuwa mgumu kupatikana. Alimwambia mkewe kwamba sasa anamalizia sakafu, kole nyingi, harufu yake mbaya kwa kifua. Watakaa kidogo kwa Mama Pascaline, mpaka ikauke. Mama Pascaline alikuwa mjane wa kwaya yao, mwenye nyumba ya matofali huko Hewa Bora, juu, mbali na maji, na chumba cha akiba ambacho mwanawe alikiacha. Aliambiwa ukweli wote nyuma ya nyumba yake, akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge, akasema chumba kipo, na mdomo wake umefungwa.

Consolate alibebwa kwa machela hadi barabarani. Mlangoni aliomba wasimame. Balatum mpya ilikuwa imefika nusu ya chumba, ina marumaru za kuchorwa nyeupe na kijivu.

"Imekuwa nzuri," alisema. "Usiache watu waingie na viatu."

Théophile alimalizia sakafu siku ile ile, akitoka kinyumenyume, akapaka kole ukanda wa mwisho na kuubandika akiwa amepiga magoti nje. Alikusanya masufuria na nguo. Alipotaka kutungua mapazia, Ilunga aliomba yabaki, maana yalikuwa mazuri, na Théophile hakuwa na nguvu za kubishana juu ya kitambaa. Boti ikaondoka kwenda Moba na kuni na vitunguu na watu wakipunga mikono.

Kule Hewa Bora uongo ulipata familia. Mama Pascaline aliutunza. Waimbaji waliutunza, walipokuja kuimba kando ya kitanda waliomba Mungu amrudishe dada yao kwenye kabini yake, na baadhi yao walitoka nje mapema. Théophile kila siku alisema anashuka kutazama kole. Alishuka, akakaa kwenye jiwe mahali boti ilipokuwa imefungwa, akatazama maji, akapanda.

"Imekauka?" Consolate aliuliza.

"Bado. Hewa ya ziwa iko na unyevu."

Alipanga mengine pia, kimya kimya, kama mume anavyopaswa kupanga. Alizungumza na mchungaji. Alimpigia Evodie simu Uvira, akamwambia ajiandae kwa safari bila kumwambia siku. Mama Pascaline alikubali matanga yafanyike kwenye uwanja wake. Kila kitu kilikuwa tayari, na kilichobaki ni jambo lenyewe.

Jambo lenyewe halikuja.

Asubuhi moja Consolate aliomba ugali. Siyo uji, ugali, na ndagala, dagaa wa ziwa, wa kukaanga. Alikula matonge mawili matatu, akalala, akaamka akaomba tena. Kikohozi kilianza kuwa kifupi. Akakaa kitandani bila kuegemea. Akasimama kwa kushika ukuta, akafika mlangoni, akafika jikoni, akamkosoa Mama Pascaline jinsi anavyokatakata sombe, majani ya mhogo. Waimbaji walisema ni muujiza na wakautangaza kanisani. Théophile alipiga magoti akamshukuru Mungu kwa furaha ya kweli, na kabla hajainuka akaogopa siku mkewe atakapotaka kurudi botini, na akaona aibu kwamba vitu hivyo viwili vinaweza kukaa katika mtu mmoja.

Usingizi ukampotea, na katika kukosa usingizi akaanza kuuona tena ule ukuta mweusi. Alikumbuka alivyokohoa mwenyewe kwa muda mfupi tu. Alikumbuka kitanda kilivyokuwa kimeegemea pale pale, kichwa cha mkewe dhidi ya ubao ule, siku zote hizo. Hakuna daktari aliyemwambia, na hakuthubutu kuuliza. Lakini aliamini, na ninadhani alikuwa sahihi, kwamba nyumba ile aliyoipenda ndiyo iliyokuwa inammaliza, na kwamba Ilunga alipowafukuza alimwokoa mkewe bila kujua.

"Mwambie sasa," Mama Pascaline alimwambia wakiwa wamebaki wawili uani. "Ako na nguvu. Habari kama hii haitamuua."

"Kesho."

"Weye unaogopa nini, Papa Théophile? Ni boti tu."

Jibu alikuwa nalo na hakutaka kulisikia. Alisema kesho, na kesho yake akasema kesho. Mtu huyu aliyekwangua tabaka zote za sakafu ya watu hadi mbao alishindwa kufungua mdomo mbele ya mkewe. Alikuwa mwoga, tuseme hivyo na tumalize.

Kisha ikaja siku ambayo alirudi kutoka kazini akamkuta Consolate amevaa. Amefunga kitenge vizuri, amejipaka mafuta, masufuria yamefungwa kwenye shuka.

"Kole yako haiwezi kukataa kukauka hivi," alisema, na alikuwa anatabasamu. "Twende kwetu. Nimechosha nyumba ya watu."

Mama Pascaline alimtazama Théophile, kisha akatazama pembeni.

Walishuka polepole. Njia ile ina miti michache, na chini ya kila kivuli walipopumzika Théophile aliandaa maneno, na kila walipoinuka aliyaacha pale kivulini. Watu walimsalimia Consolate kama aliyefufuka. Alimjibu kila mmoja. Kwa mmoja wao alisema anakwenda kuona nyumba yake mpya, na mwanamke yule, ambaye alikuwa wa kwaya, alijikaza akacheka.

Mahali pale Lukuga inapotoka ziwani palikuwa na maji tu na kamba kuukuu imelala mchangani. Consolate alisimama akatazama. Kisha akageuza macho upande wa bandari, ambako sauti za wapakizi zilikuwa zinasikika, akaiona boti. Alianza kwenda. Théophile alimshika kiwiko, akamwita, yeye akaendelea.

Boti ilikuwa inapakia kwa ajili ya Moba. Magunia yalikuwa yamejaa sitaha, na chini ya turubai iliyofungwa na Théophile walikaa watu na kuku wao. Kwenye dirisha la kabini mapazia ya kitenge cha sikukuu yalikuwa yamevutwa pembeni, na mwanamke mmoja mgeni alikuwa ameegemea hapo akinyonyesha. Baharia kijana, Doudou, ambaye aliajiriwa baada ya injini kuja na hakumjua mtu, alimnyoshea Consolate mkono juu ya ubao wa kupandia.

"Unaenda Moba, Mama? Kabini imejaa. Ukitaka kabini ungoje safari ingine."

"Hapana, mwanangu," Consolate alisema. "Siendi."

Alikwenda akakaa juu ya gunia la mahindi. Théophile alisimama mbele yake, na sasa maneno yote aliyoyaacha njiani yalimjia kwa pamoja. Alisema habari za injini, za Ilunga, za abiria, za maiti. Alisema mkewe alikuwa mgonjwa. Alisema hakutaka kumvunja nguvu. Consolate alimwacha aseme mpaka akaishiwa.

"Boti nisingelilia," alisema. "Maji ilichukua nyumba yetu na tuliishi. Kama uliniambia Ilunga anataka boti yake, ningelia siku moja, kisha ningefunga vitu."

"Ulikuwa mugonjwa sana, Mama Evodie."

"Nilikuwa mugonjwa. Mugonjwa unamudanganya kidogo. Unamwambia leo unaonekana vizuri. Unamwambia dawa itafanya kazi." Alivuta pumzi, na ilikuwa pumzi nzima, yenye nguvu. "Lakini weye uliniambia tutarudi. Uliniacha nikate kitenge changu. Uliweka rafu. Ile ni uongo unaambia muntu mwenye hatainuka kuja kuona."

Théophile aligeuza macho kwenye mapazia ya dirishani.

"Uliisha kunizika, Papa Evodie. Mimi nilikuwa nashona mapazia, weye ulikuwa umeisha kunizika."

Alitaka kusema hapana. Alifungua mdomo. Lakini alimkumbuka mchungaji, na simu ya Uvira, na uwanja wa Mama Pascaline uliofagiliwa kwa ajili ya matanga, na mkewe alikuwa anamtazama usoni wakati anayakumbuka hayo. Théophile aliona kwamba mkewe ameona. Boti ikapiga honi, wapakizi wakarukia nchi kavu, na kelele ile ikawasaidia kutozungumza tena.

Walipanda Hewa Bora wakiwa mmoja mbele na mwingine nyuma. Consolate hakukubali kushikwa mkono kwenye mwinuko.

Bado wanaishi pale kwa Mama Pascaline, katika chumba cha akiba. Consolate amerudi kwaya, na ameazima cherehani anashona sare tena. Hakumsimulia mtu yeyote jambo la bandarini, hampigii mumewe kelele, na chakula chake kiko mezani kwa wakati. Ukiwaona kanisani utasema ni wazee waliobarikiwa. Ila siku akipaliwa tu na mfupa wa ndagala, au vumbi la kitambaa likimkohoza kidogo, huacha alichoshika na kumtazama kwanza Théophile usoni, akitafuta humo kama ameanza kumzika tena.